Makaburi Kumi na Tisa ya Monasteri

Baba yangu, Télesphore, si mtu wa maneno, ila ukimuuliza habari za monasteri hanyamazi. Atakueleza jinsi Mbelgiji mmoja, tajiri wa pamba, alivyojijengea jumba kwenye ufuko wa Tanganyika, akalikimbia mwaka wa uhuru, watawa wakalichukua na kuongeza kanisa, zahanati na kengele mbili. Baba aliwapikia miaka kumi na mmoja. Leo anamenya viazi katika nyumba ya wazee hapa Mount Dennis, ughaibuni tulikohamia, na mabosi wake, watoto wa juzi, humfundisha kushika kisu. Mimi naudhika. Yeye halalamiki.

Mama, Spéciose, aliipenda habari hiyo kwa sababu yake mwenyewe. Vita vilipofika, alivuka ziwa nami nikiwa tumboni. Baba alibaki ampeleke kaka yangu Précieux, mgonjwa wa surua, kwenye zahanati ya watawa. Alipotufikia katika kambi ya wakimbizi alikuwa peke yake. Alisema watawa walimzika mtoto nyuma ya kanisa, wakampigia kengele zote mbili. Mama ameishi kwa maneno hayo zaidi ya miaka ishirini.

Jumapili iliyopita, tumetoka misa, ikaingia kwenye simu video ya bruda mmoja wa monasteri ile. Ziwa limepanda, limemeza jumba na kanisa. Lakini makaburi waliwahi kuyahamishia mlimani, yote kumi na tisa, na akayataja jina kwa jina. Mama alirudisha video mara tatu. Yote yalikuwa ya watawa.

“Mbona hawakumutaja mutoto wetu?” alimuuliza Baba.

Niliomba kimoyomoyo Baba aseme maji yamemchukua. Naam, nilimwombea Baba uongo, tena ndani ya nguo za kanisani.

“Nilikuta mulango umefungwa,” alisema. “Watawa walikuwa wamekimbia. Alifia pale mulangoni. Askari walikuwa karibu, nikamuzika mu shamba ya mihogo, pembeni ya njia.”

“Na kengele?”

“Hakuna mutu alipiga kengele.”

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumpiga. Mama hakulia. Alivuta kiti, akakaa mbele yake.

“Shamba ya nani? Tutume mutu aulize kwao.”

Baba alitazama mikono yake.

“Sijui, Mama Précieux.”

“Usiniite vile tena,” Mama alisema.