Mugeni na Kombora Lililogoma

Kabla ya kumsalimia mama yake, Sajenti Mugeni huosha mikono mpaka kwenye viwiko. Mafuta ya mashine hayatoki vizuri, lakini huosha hivyo hivyo, kwenye bomba la uani, kisha huingia ndani ya nyumba yao ya kupanga pale Niboye, mtaa wa Kigali, na kumkumbatia Mama Gaudiose. Mama huuliza swali lile lile: "Leo hamkupiga?" Na binti hujibu, "Leo tulikuwa tunapaka grisi tu, Mama."

Walikuja Kigali kutoka Karagwe, mwaka ule Wanyarwanda wengi waliporudishwa kutoka Tanzania. Ng'ombe walibaki huko, baba alikuwa ameshafariki, na Mugeni, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa anazungumza Kinyarwanda cha kuchekesha watu sokoni. Jeshini alijisikia nyumbani mapema kuliko mtaani, maana kambini amri nyingi zilikuwa za Kiswahili na hakuna aliyemcheka. Alianza kama dereva wa lori. Baadaye, mizinga iliyofungwa juu ya malori ilipoletwa kikosini kwao, wakatafuta watu wanaolielewa gari zito. Mugeni akachaguliwa, na miaka ikampandisha mpaka akawa mkuu wa mzinga.

Mzinga wenyewe ni lori la magurudumu sita. Mbele lina kibanda cha dereva na wapigaji, nyuma limebeba bomba refu kama nguzo ya umeme. Likifika mahali linashusha majembe mawili ya chuma yanayokita ardhini, linapiga, linayanyanyua, linaondoka kabla adui hajajua lilikuwa wapi. Mama Gaudiose aliwahi kuliona likipita barabarani Sonatubes, pikipiki zote zimelipisha, na hakula chakula cha mchana siku hiyo.

Jambo lenyewe lilitokea wakati wa mazoezi, kwenye uwanja wa kulengea mbali na jiji, upande wa mashariki. Wageni wa heshima walikuwa kilimani na darubini zao. Asubuhi nzima kikosi cha Mugeni kilipiga makombora ya kawaida, moja baada ya jingine, na bomba likapata moto hata hewa juu yake ikawa inacheza.

"Haraka, haraka!" Mugeni alikuwa anawahimiza. Koplo Shyaka, kijana mpole aliyekulia Uganda, ndiye aliyeshughulika na mlango wa nyuma wa mzinga. Kazi yake ilikuwa kuupangusa kila baada ya kombora, kuzibua kitundu chembamba cha kupitishia moto, na kuweka fataki mpya, kile kidude kinachowasha baruti. Mkewe alikuwa amejifungua juzi juzi nyumbani kwao Kagugu, na macho yake yalionyesha kwamba mtoto halali.

Kisha ikaja zamu ya kombora la pekee. Hilo halirushwi likaachiwa Mungu. Kichwani lina fyuzi ndefu ya kulilipua, yenye mapezi madogo, na ndani yake kifaa kinachosikiliza setilaiti. Unaliambia mahali pa kuangukia kabla ya kuliingiza, nalo likiwa angani linajirekebisha lenyewe hadi pale. Siku hiyo liliambiwa jiwe moja lililopakwa chokaa, bondeni, mbali sana na macho ya kawaida. Mugeni alizisoma namba kwenye redio, Kapteni Ntare, kamanda wao aliyekuwa kwenye kituo cha amri, akazirudia, zikakubaliana. Kombora likasukumwa ndani, mikebe ya baruti ikafuata, mlango ukafungwa.

"Piga!"

Shyaka akavuta kamba ya kufyatulia. Fataki ikalia *tap*, sauti ndogo kama ya kijiti kuvunjika. Basi. Bomba likanyamaza.

Walivuta tena, kimya. Mugeni akainua mkono.

"Wote nyuma ya tuta," akasema. "Dereva, zima injini ushuke. Twende."

Wakalala nyuma ya tuta la udongo. Kwenye redio Kapteni Ntare hakupaza sauti. "Sajenti, niambie."

"Halijatoka, afande. Fataki imelia, baruti haikushika. Au imeshika kidogo, sijui."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Baruti huweza kufukuta polepole ndani. Ukifungua mlango mapema, hewa ikaingia, inalipuka usoni mwako. Kwa hiyo kanuni inataka usubiri. Lakini bomba lilikuwa la moto mno, na baruti ikikaa sana ndani ya chuma cha moto huweza kuwaka yenyewe, wakati wowote, bila mtu kuvuta kamba. Kusubiri kulikuwa na kifo chake na kuharakisha kulikuwa na chake.

Shyaka alikuwa amefunika uso kwa viganja. "Sikupangusa," akasema. "Makombora mawili ya mwisho sikupitisha kile kijiti cha kuzibulia. Niliona tunakimbizwa. Afande, niache niende mimi."

"Wewe utakaa hapa."

"Ni kosa langu!"

"Aliyekuwa anakukimbiza ni nani?" Mugeni akamtazama. "Ningegeuka mara moja tu ningeona. Sikugeuka. Kaa."

Muda uliowekwa na kanuni ulipokwisha, alichukua fataki mpya na ndoo ya maji akaenda peke yake. Alisimama pembeni, si nyuma ya mlango, akabadilisha fataki kwa mkono ulionyooshwa, akarudi kwenye tuta na ncha ya kamba mkononi. Akavuta. *Tap.* Hakuna kitu.

"Mana yanjye," Shyaka akanong'ona. Mungu wangu.

Wakasubiri tena. Jua lilikuwa limesimama juu ya bomba. Mugeni alijikuta anafikiria vitu visivyo na maana: sufuria ya maharage aliyoiacha jikoni, viatu vya mama vinavyohitaji fundi. Akainuka.

"Naenda kufungua," akasema kwenye redio.

"Una hakika?" Ntare akauliza.

"Hapana, afande. Lakini chuma bado kina moto."

Alisimama ubavuni kabisa, ndoo mkono wa kushoto, akavuta mkono wa mlango. Ukafunguka taratibu. Kwanza ikatoka harufu, kali, ya kitu kilichoungua. Halafu akaona uzi mwembamba wa moshi ukipanda kutoka kitako cha mkebe wa mwisho.

Hakufikiri. Aliimwaga ndoo yote ndani. Maji yakafoka kwenye chuma, mvuke ukamrukia shingoni, naye akapiga kelele kwa maumivu huku akiingiza mikono na kuvuta mkebe wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote imelowa, akiitupa majanini mbali na lori.

Bado kombora lenyewe lilikuwa limebana ndani ya bomba, na kulitoa kwa nyuma kungekuwa hatari kubwa zaidi. Njia salama ilikuwa kulipiga. Lakini betri ya fyuzi yake ilikuwa imewaka muda wote huo.

"Bado lina macho?" Kapteni akauliza.

"Huenda limekwisha kuwa kipofu, afande. Litaanguka kama la kawaida."

Ntare akaamuru bonde lote likaguliwe upya, na watu wa ulinzi wasogee mbali zaidi. Walipothibitisha kuwa hakuna mtu, Shyaka alikuja mwenyewe kuzibua kile kitundu. Kikatoa masizi meusi kama wanja. Baruti mpya ikaingia. Mugeni akavuta kamba, na safari hii dunia ikatikisika. Kombora likaanguka bondeni, mbali na jiwe la chokaa. Huko kilimani wageni walishusha darubini zao. Mugeni alikaa chini kwenye vumbi.

Kwenye ripoti alieleza yote mawili: kitundu hakikuzibuliwa, na yeye, mkuu wa mzinga, alikuwa anakimbiza watu na hakukagua. Wote wawili walipewa adhabu. Shyaka akaomba kuhamishiwa karakana, akakubaliwa.

Mugeni alirudi nyumbani na bandeji shingoni. Safari hii mama hakuuliza kama walipiga.

"Nini hicho?"

Mugeni alimweleza tangu mwanzo. Mama Gaudiose aliacha ndizi alizokuwa anamenya. "Kwa nini wewe? Hakuna wanaume huko?"

"Mzinga ni wangu, Mama."

"Na mimi ni wa nani?" Mama akainuka. Akaingia chumbani akafunga mlango. Siku kadhaa waliishi kwa salamu tu. Kisha Jumapili moja Shyaka alikuja na mkewe, Uwimana, na mtoto mgongoni. Uwimana aliketi kando ya Mama Gaudiose. Alimfungua mtoto, akamweka mapajani mwa mama huyo, naye akamshika mtoto yule mchana kutwa, akikataa kumrudisha hata alipolia.

Mugeni alirudi kazini. Mara ya kwanza aliposimama tena nyuma ya mzinga, mpangusaji mpya alikuwa binti mwembamba anayeitwa Jolly, aliyetaka kuonyesha wepesi wake.

"Usikimbie," Mugeni akamwambia. "Pangusa, halafu nionyeshe."

Jolly akaonyesha. Mugeni akainama, akatazama kile kitundu mpaka akaona mwanga upande wa pili. Kombora likaingizwa, mlango ukafungwa, lakini neno likamgomea kutoka, na watu wote wakageuka kumtazama.

"Piga," akasema.