Muamala Ulioachwa Wazi

Manesi wa hospitali ile walimwita Bi Mkwamo. Mwanzoni jina halikumuudhi, maana aliyelianzisha alikuwa mcheshi na wote walicheka, yeye mwenyewe akiwemo. Lilipofika wiki ya tatu, kicheko kilikuwa kimekwisha. Aliyemwita hivyo sasa alikuwa amekusudia.

Kazi yake ilikuwa kutunza hifadhidata ya hospitali: nani amelazwa wapi, kitanda kipi kiko wazi, nani anatoka, nani anaingia. Miaka kumi na mmoja mambo yalikwenda vizuri. Halafu ghafla, kila asubuhi kwenye saa tatu na nusu, skrini za mapokezi zikawa zinaganda. Karani anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Baada ya dakika arobaini zinafunguka zenyewe, kana kwamba hakukuwa na lolote.

Siku moja mjamzito mwenye uchungu alikalishwa kwenye benchi la korido nusu saa nzima. Kitanda kipo, ila mfumo haukubali kumwandika. Mkunga akatoka wodini amefura.

"Wewe! Njoo umshike mkono huyu mama, maana mashine zako zimekushinda!"

Akaenda, akamshika. Yule mama alimfinya vidole mpaka vikafa ganzi, na macho ya korido nzima yalikuwa juu yake.

Aliyempa pole siku hiyo alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Kazi ya wifi pale alimtafutia Bi Mkwamo mwenyewe, akamfundisha tangu alifu hadi ye. Walikaa kwenye meza mbili zinazotazamana.

"Wifi, mimi nahisi ni nyaya," alimwambia kwa upole. "Zimechoka hizi. Hebu anza na mtandao."

Akaanza na mtandao. Wiki mbili alitambaa chini ya meza za watu, vumbi puani, akichomoa na kuchomeka. Jioni mumewe alimkanda mgongo kwa mafuta na kumwambia avumilie. Nyaya zikabadilishwa zote. Saa tatu na nusu ikafika: skrini zikaganda tena.

Jumatatu iliyofuata akaacha kubahatisha. Skrini zilipoganda, hakukimbilia nyaya; aliitazama seva yenyewe, ile kompyuta kuu inayotunza hifadhidata. Akakuta haina kazi yoyote, imetulia tuli. Basi haikulemewa. Ilikuwa inasubiri. Inamsubiri nani?

Akatoa orodha ya miamala yote iliyokuwa wazi dakika ile, yaani kazi ambazo kompyuta za hospitali zimeianzishia seva na bado hazijakamilika. Ilikuwa sitini na miwili. Akaifuata kutoka mkiani: huu unausubiri ule, ule unausubiri mwingine, mpaka akafika kwenye mmoja ambao haukusubiri chochote. Ulikuwa umefunguliwa saa tatu na dakika ishirini na nane, ukalifunga jedwali zima la vitanda mwingine asiliguse, kisha ukanyamaza. Ni kama karani aliyechukua daftari pekee la ofisi, akalitia kwapani na kwenda zake kunywa chai. Wenzake wafanye nini zaidi ya kupanga foleni?

Pembeni paliandikwa jina la kompyuta iliyoufungua. Alilisoma mara mbili, akainua macho. Kompyuta yenyewe ilikuwa mbele yake, skrini inawaka, kiti kitupu. Wifi alikuwa kwenye kikao cha mkurugenzi, akisoma ile ripoti yake mpya ya vitanda iliyokuwa ikisifiwa kila siku.

Kuteleza si kuanguka, alijiambia. Hata yeye aliwahi kusahau kukamilisha muamala. Akaifungua programu ya ripoti ili airekebishe kimya kimya, asimwaibishe mtoto wa watu. Kwenye mstari wa kumi na nne akakuta maelezo, yale ambayo mwandishi wa programu hujiandikia asisahau: "Inafunga vitanda vyote mpaka nibonyeze Sawa. Nitarekebisha nikishapewa cheo."

Tarehe ilikuwa ya siku ya pili tangu mkwamo uanze.

Wifi aliporudi, alimkuta amekaa, mikono mapajani.

"Cheo gani, wifi?"

Wifi aliitazama skrini. "Ukuu wa kitengo."

"Kitengo hiki?"

"Mkurugenzi anasema umechoka."

"Na nani aliyemwambia nimechoka?"

Wifi akavuta kiti chake, akaketi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo hiyo alivishwa na yeye mwenyewe.

Alichapisha orodha na ule mstari, akavipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alisoma, akavua miwani. "Sasa nyinyi ni ndugu. Mbona hamkuyamaliza nyumbani?" Hata hivyo mpango wa kumpa wifi cheo ulifutwa, naye akahamishiwa stoo ya mafaili. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari miwili: soma vitanda bila kuvifunga, na kama kuna muamala, ukamilishe kabla ya kumngoja mtu abonyeze. Kesho yake saa tatu na nusu ilipita bila mtu kuiona.

Jioni ya siku aliyogundua, alimsimulia mumewe tangu mwanzo. Mumewe alikuwa akipiga pasi shati. Hakuinua kichwa.

"Aliniambia," akasema.

"Lini?"

"Wiki mbili hivi zimepita. Nilidhani mtaelewana wenyewe. Ulitaka nimchongee dada yangu?"

"Nilitaka uniambie nitoke chini ya meza."

Mume akaiweka pasi pembeni. Wiki mbili mikono ile ilikuwa imemkanda mgongo huku ikijua unaumia bure. Hilo ndilo lililomtoa machozi. Si wifi, si mkurugenzi, wala si jina la korido.

Hawakuachana. Mkunga alimwomba radhi hadharani, na ule ukuu wa kitengo akapewa Bi Mkwamo mwenyewe. Wifi akija nyumbani humpokea, humwekea chai, humuuliza habari za kazi. Mumewe bado humuuliza siku imekwendaje, naye humjibu kuwa imekwenda vizuri, hata siku ambayo haikwenda.