Mwalimu Aliyeficha Mgongo Wake

Habari ya kifo chake ililetwa Butembo na mfanyabiashara wa vitunguu aliyetoka Beni: mwalimu wa karate amefariki kwa homa, na wamekwisha kumzika. Hatukuwa marafiki wa karibu. Nilimfahamu miaka ya vita, alipofundisha vijana kwenye uwanja mmoja wa mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni, shati amelivua, tumbo gumu kama ubao. Mazoezi yake yalikuwa ya tumbo tu: kulala chali na kujikunja haraka haraka, jiwe zito kifuani. Aliyelalamika alifukuzwa aende "kwa bamama".

Vita vilimkuta Eringeti, alikokwenda na mkewe kumchukua mama yake mzazi. Risasi ziliposikika aliinama kwa pupa kunyanyua gunia la mchele. Mgongo ukamkamata, asiweze kusimama. Mkewe akaliacha gunia, akampakia yeye kwenye chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, akaanza kusukuma. Mama yake, kikongwe wa kuegemea fimbo, ndiye aliyetembea kwa miguu. Mwalimu alijaribu kushuka. "Lala tu, mutoto yangu," mama akamwambia. "Miye nilishakubebaka." Baadaye mwalimu mwenyewe aliniambia kwamba njia nzima alijifunika uso kwa kitenge cha mkewe, watu wasimtambue.

Walipofika Butembo, mkewe alimpeleka kwa mama wa kine, yaani mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi. Alilazwa mkekani katikati ya wanawake waliotoka kujifungua. "Tumbo yako iko nguvu mbele tu," mama yule alimwambia. "Mugongo na mbavu ulibisahau. Inua kiuno polepole, usizuie pumzi. Maumivu ikishuka ku muguu, acha." Akamwonyesha pia kupiga magoti na viganja chini, kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili bila kutikisika. Wanawake walifanya vizuri, yeye alianguka. Hakurudi tena. Alijifungia nyumbani kufanya mazoezi hayo, na mgeni akija, mkewe aliagizwa aseme baba hayupo.

Mgongo ulipoanza kupata nafuu, mkewe alichoka kudanganya. "Unajificha juu ya nini? Batoto ulifundisha, mpaka leo banaweka mawe ku kifua. Donc, basi nabo babebwe ku chukudu?" Mwalimu alirudi Beni, akawaita wanafunzi wake. "Nilibafundisha mubaya," aliwaambia. Wengine walicheka wakaondoka. Mbele ya waliobaki alilala kwenye majani, akakunja magoti, akainua kiuno polepole.

Miaka ile tulijifunza kuficha mbuzi, mabinti na chakula. Sisi wanaume tukazoea kuficha hata maumivu. Mficha uchi hazai, nasi tumezaa vilema vingi. Nilipokwenda kumpa pole mjane wake, aliniambia kwamba pale matangani wanaume kadhaa walimvuta kando, mmoja mmoja, kumuuliza yule mama wa kine anakaa wapi. Wote walinong'ona.

Niliona haya kwa niaba yetu sote. Ndugu msomaji, nguvu ya mwili haiko tumboni peke yake, na haijengwi kwa pupa. Mgongo ukikuuma, uliza mchana kweupe, watu wakisikia. Huenda anayesikia naye anaumwa.