Aliolewa na Muntu wa Biashara

Filamu ile tuliitazama Jumapili mchana, baada ya ibada, sote sebuleni, maji ya bukari, ugali wetu, yakiwa bado hayajachemka. Binti yetu mkubwa ndiye aliyeileta. Ilikuwa habari ya fundi wa mavazi ambaye Lubumbashi nzima inamjua: mzee aliyevisha mabibi harusi, wake za wakubwa na waimbaji, aliyefikisha nguo zake hadi Ulaya, na ambaye mwaka huo alikuwa amefunga karakana yake na kusema imetosha. Walioitengeneza walimfuata tangu ujana wake hadi siku alipowagawia wanafunzi wake mikasi. Nilikubali kukaa kuitazama kwa sababu nauza bikwembe, yaani vitenge, kwa jumla mjini, na mtu wa vitambaa hupenda kuwajua wanaovikata.

Mke wangu alikaa karibu nami, akichambua mboga ya lengalenga kwenye sinia.

Katikati ya filamu walionyesha kanda ya zamani ambayo rangi zake zilikuwa zimefifia. Ukumbi, viti vya plastiki, watu wamevaa kama wa harusini, na wasichana wanapita katikati yao wakionyesha nguo, ile tunayoita defile. Akatoka msichana mrefu mwenye gauni la rangi ya shaba, mabega wazi. Alitembea kama mtu anayepita ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipofika mwisho akageuka, akamwona mtu aliyekuwa kwenye pazia, akacheka. Si tabasamu; alicheka kweli, kichwa nyuma, meno yote nje. Fundi, wakati ule kijana mwembamba, akatoka nyuma ya pazia akamrekebisha nguo begani. Mkono wake ukabaki pale.

Kisha sauti yake ya uzee ikasema kwa Kifaransa kwamba kuna mmoja ambaye hakupata tena mfano wake. Akamalizia kwa Kiswahili chetu: "Aliolewa na muntu wa biashara. Njo ikaishia pale."

Kitindamimba wetu akasema, "Mama, si ni wewe ule?"

"Njo miye," mke wangu alijibu. Akachukua sinia lake akaenda jikoni.

Watoto wote wakanigeukia. Nadhani walikuwa wanamtafuta yule muntu wa biashara, na hapakuwa na mwingine sebuleni.

Tumekaa pamoja zaidi ya miaka ishirini. Nilipofika Lubumbashi kutoka Butembo nilikuwa kijana wa kusindikiza mizigo ya kaka yangu, na kaka ndiye aliyenitafutia mchumba: binti wa Mkasai mmoja, msema Tshiluba, aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba, mtu wa kanisa, mkali, aliyesomesha watoto wake wote. Niliambiwa binti anajifunza kushona kwa fundi fulani. Sikuuliza fundi gani. Nilipenda mikono yake na namna alivyonyamaza wakubwa wakisema. Hayo tu ndiyo niliyoyajua.

Nilimfuata jikoni.

"Juu ya nini haukuniambiaka?"

"Nikuambie nini?"

"Ile kazi."

"Nilikuambia nilikuwaka kwa fundi wa manguo."

"Ulisema unashonaka bifungo."

"Bifungo nilishona pia." Alikuwa anakoroga unga, mgongo kwangu. "Kaka yako alikuya kwa papa, akauliza kama binti iko mutulivu. Papa akaniambia, ile mambo ya kutembea mbele ya bantu tuizike. Njo nikaizika. Sasa unataka niifukue na bukari iko ku moto?"

Nilirudi sebuleni, watoto wakaketi sawasawa kama mwalimu ameingia.

Sitaki mtu afikiri nilishuku dhambi. Ningeshuku dhambi ningejua pa kuanzia. Ningeuliza, ningekasirika, ningesamehe au ningekataa. Kilichonila ni kile kicheko. Mke wangu hucheka vile na dada zake tu, wakikaa uani wakisema Tshiluba, na mimi nilikuwa nimeshakubali zamani kwamba kile ni kicheko cha Tshiluba, hakitafsiriki. Akiwa nami hucheka kama mtu anayerudisha salamu. Sasa nimeona kwamba alishawahi kumchekea mtu mwingine hivyo, mwanamume, mbele ya ukumbi mzima, na kanda ikahifadhi.

Wiki ile niliitazama filamu dukani kwenye simu, nyuma ya marobota, ule mkato mmoja tu. Mkono, bega, kicheko. Mwenzangu wa duka la jirani, naye mtu wa Butembo, alikuja kuomba chenji akanikuta.

"Kumbe wewe ndiye muntu wa biashara," alisema. "Sisi tulikuwa tunabishana nyumbani ni nani."

Nikacheka naye. Wateja wawili wakasema vilevile, nikacheka nao. Kwa mara ya tatu sikucheka tena. Maisha yangu yote ya kuamka alfajiri, kusafirisha, kulea, kujenga, yalikuwa yameingia kwenye filamu kwa maneno machache, na maneno yenyewe ni ya mtu anayesimulia jinsi kitu kizuri kilivyoharibika.

Nikachagua kitambaa cha bazin ya buluu, ile nzito ambayo huwa siwapunguzii hata ndugu, nikampelekea nyumbani.

"Shona robe," nilimwambia. "Halafu uvae, utembee nikuone."

Aliishika, akaigeuza upande wa ndani kama anavyofanya siku zote. "Nitembee fasi gani? Hapa katikati ya masufuria?" Akanishukuru vizuri, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku.

Basi nikaenda kumtafuta yule mzee.

Nilidhani nitaelekezwa kwenye nyumba kubwa ya upande wa matajiri. Kumbe anakaa mtaa wa Hewa Bora, kwenye nyumba ya matofali isiyopakwa rangi, geti la bati. Dada yake alinifungulia. Fundi mkubwa alikuwa uani, amevaa kaptula iliyochakaa na fulana ya ndani, anawapa sungura majani. Aliniomba radhi kwa mavazi yake, akaniletea kiti mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vizuri. Nakiri nilimwonea wivu hata kustaafu kwake. Mimi nikisema imetosha, nani atafungua duka? Hakuna atakayekuja na kamera siku ile nitakapofunga kufuli.

Nilimwambia ninauza vitambaa, nimeona filamu, nimekuja kumpa pongezi. Akashukuru. Nikamwuliza kuhusu yule msichana aliyeolewa.

"Ah, ule," alisema. "Ule alikuwaka binti wa Kilwa, kule ku ziwa. Alirudia kule na bwana yake, muntu wa samaki. Balinirekodi nikisema juu yake, kisha baliweka picha ya mwingine. Filamu njo iko vile, banachanganya."

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya mke wangu mwenye gauni la shaba. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akanirudishia.

"Huyu simukumbuki. Alikuya pengine mara moja, mara mbili. Bamingi balipita, papa."

Hapo ningeondoka na moyo mwepesi. Nilichokuwa nimekifuata nimekipata: sikuwa mimi niliyesemwa, na yeye hakumbuki chochote. Badala yake hasira ikanipanda.

"Humukumbuki namna gani?" nilimwuliza. "Angalia anavyotembea. Katika ile filamu yote nani anatembea vile? Wale wengine wanaangalia miguu yao. Yeye anaangalia watu."

"Ni kweli, anatembea muzuri."

"Hata sasa. Akibeba ndoo ya maji haitoki tone. Kitambaa akikishika kwa vidole viwili ananiambia hiki kitauzwa, hiki kitaoza dukani, na ndivyo inavyokuwa. Watu wanafikiri mimi ndiye ninayejua."

Aliweka majani chini. "Iko bibi yako," alisema.

"Ndiyo."

"Basi uko na bahati, papa." Akawageukia sungura.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimetukanwa kwa niaba ya mtu ambaye hakujua. Mke wangu alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Aliniuliza nilikotoka, kwa kuwa duka lilikuwa bado halijafungwa na mfanyakazi alipiga simu kunitafuta.

"Kwa mwalimu wako," nilisema.

Akasimama na shuka mikononi. "Anasema nini?"

Nilikuwa na maneno tayari ya kumwambia ukweli. Nilitaka aujue. Lakini niliona jinsi alivyolishika lile shuka kifuani, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Anasema hakupata tena mwingine kama wewe. Anakumbuka kila kitu."

"Alisema vile?"

"Alisema vile."

Akacheka. Kichwa nyuma, palepale chini ya kamba ya nguo. Zaidi ya miaka ishirini nimekisubiri, na siku nilipokileta mwenyewe nyumbani hakikuwa changu.

"Siku ya posho tutaenda kumusalimia," alisema. Posho ni Jumamosi kwetu, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kesho yake nilirudi Hewa Bora na kipande cha kitambaa kizuri kwapani. Nikamweleza nilivyomdanganya mke wangu, nikamtajia jina lake, nikamwomba ajifanye anamkumbuka; mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu.

"Papa, maisha yote niliambia bamama: hii rangi inakufaa, hii inakupunguza tumbo. Bongo moja tena, uongo mudogo vile, haiwezi kuniua. Mulete."

Jumamosi mke wangu alitoka chumbani amevaa ile bazin ya buluu. Alikuwa ameishona kwa siku mbili kwa mashine ya jirani, na mimi sikuona. Niliendesha gari, yeye akiangalia mbele.

Mzee alikuwa amevaa suruali ndefu na shati jeupe lililopigwa pasi. Hilo peke yake lilinikera. Mimi alinipokea na kaptula. Mke wangu alivuka ua, na mzee akasimama akamwita kwa jina. Si jina la ubatizo, ambalo ndilo nililomtajia mimi. Alimwita kwa lile jina la nyumbani, la Tshiluba, ambalo dada zake peke yao hulitumia.

"Umenenepa ku mabega," akamwambia. "Ni muzuri. Zamani gauni lilikuwa linateleza."

"Ulinipigilia bipini mpaka nikalia."

"Haukulia juu ya bipini. Ulilia juu ya mikate."

Kumbe siku ya ile defile, dakika chache kabla ya kutoka, alikuwa amejificha nyuma ya pazia anakula mikate ya mafuta, na tone likaangukia kifuani mwa gauni. Fundi akamvua, akamvisha mbele-nyuma, doa likabaki mgongoni ambako taa hazikumulika. Watu wote waliopiga makofi walikuwa wanashangilia mgongo wa gauni. Ndiyo sababu alipofika mwisho akamtazama na kucheka, na ndiyo sababu fundi akatoka haraka kulishika begani, lisianguke. Mke wangu alisimulia nusu, mzee akasimulia nusu, wakipokezana, na dada ya mzee akafuta machozi ya kucheka. Mimi nilikuwa na soda mkononi. Nilicheka pale ilipofaa.

Tulipoaga, mke wangu alitangulia kwenye gari. Mzee akanisindikiza hadi getini.

"Nilisema muzuri?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nilimtazama usoni. Jina la nyumbani halibuniwi. Mikate haibuniwi. Kwa hiyo alimkumbuka tangu siku ya kwanza, alipoisogeza simu mbali na karibu; na pengine hata huyo binti wa Kilwa hakuwahi kuwapo. Aliona mume wa aina gani ameingia kwenye ua wake akiuliza habari za wasichana, akaamua kumfichia mke wangu siri mara ya pili, kama baba mkwe wangu alivyofanya mara ya kwanza. Au alinifichia mimi aibu. Ningeweza kumwuliza pale pale.

"Ulisema muzuri," nilimjibu.

Tangu hapo mke wangu huenda Hewa Bora karibu kila posho. Wasichana wa parokia wanaotaka kuolewa hujifunza kwake jinsi ya kutembea na gauni refu bila kulikanyaga, na mzee hukaa kwenye kivuli akiwasahihisha, kwa maana kustaafu kwake ni kwa mikono tu, mdomo haukustaafu. Jikoni sasa ananisimulia: nani aliazima viatu vya nani, nani alianguka, nani alifukuzwa. Nasikiliza kila neno. Nikisikia neno "yeye" bila jina, najua ni nani, na wivu hunirudia kama siku ile ya Jumapili. Sijapona, na nimeacha kungoja kupona.

Mimi ndiye ninayempeleka, na kwa muda mrefu nilimngoja nje. Kutoka garini ninasikia kicheko kinapita juu ya ukuta. Juzi alitoka akagonga kioo.

"Utangoja mu mutuka mpaka lini?"

"Nasikiliza redio."

"Redio iko imekufa tangu mvua ya kwanza," alisema, akafungua mlango.

Nikaingia. Mzee alinisogezea kiti cha wageni, akakifuta vumbi kwa mkono, na mke wangu akaenda kuketi kwenye kile alichokizoea.