Damu ya Mama Marta

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Masisi, Daktari Mkuu alinipa mrija mwembamba wa kioo akanionya nisiutikise. Damu ikichanganywa na dawa ya kuizuia isigande, husimamishwa humo saa nzima, na chembe nyekundu zinatua chini. Zikishuka haraka, mwilini kuna ugonjwa mkali. Kipimo hicho hakitaji jina la ugonjwa, ila kwa mwenye kifua kikuu aliye kwenye sindano za dawa kilikuja kutuonyesha kama zinamfaa.

Baadaye nilihamishiwa Walikale, niwe infirmier, yaani muuguzi, chini ya Daktari wa Teritware, mkuu wa tiba wa wilaya. Streptomisini, dawa ya sindano ya kifua kikuu, ndiyo kwanza ilikuwa imefika, tena haba. Papa Lukasi, mwindaji, aliletwa kwa machela. Sindano zilipomrudishia nguvu, akamleta mdogo wake Yoane, aliyekuwa akikohoa damu.

"Dokta, kwetu nyama ya pori tunagawanyaka. Na dawa, umupe mudogo wangu nusu."

Nikasema damu ya Lukasi bado inashuka mbio. Daktari alilijua hilo kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba dawa ikipunguzwa, ugonjwa unaizoea. Lakini kuagiza chupa zaidi Bukavu aliona ni usumbufu.

"Iko desturi yao," akasema. "Gawanyeni."

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Lukasi alimpenda nduguye, basi. Daktari je?

Haikupita miezi mingi, wote wawili wakaanza kukohoa upya. Sasa chupa zikaja, kila mtu na zake, na damu zao hazikubadilika hata kidogo. Alikufa Lukasi, akafuata Yoane. Mkaguzi alipopita, Daktari akamwambia bila haya kwamba wenyeji wanagawana dawa kama nyama. Akapandishwa cheo, akaenda zake.

Akabaki Mama Marta, mke wa Lukasi, aliyewauguza. Alipoambukizwa kikohozi chao alichomwa sindano kamili tangu mwanzo. Damu yake ikaendelea kushuka mbio, kama yao.

"Infirmier," akaniuliza, "mimi sikugawia muntu hata tone. Sasa dawa inanikatala juu ya nini?"

Nimestaafu zamani. Vijana wa maabara mnakuja kunieleza kwamba kifua kikuu sugu kililetwa na ujinga wa wagonjwa. Nyamazeni! Mama Marta aliuliza swali lake kila asubuhi, na alikufa hakuna aliyemjibu.