Bwambale wa Shimo la Tano

Nikisikia harufu ya oili chafu ya gari, mimi siwazi gari, nawaza Baba. Baba alinuka hiyo oili mpaka mbu wote wa Kasese walikuwa wameandikiana barua kwamba ule mzee wa Bulembia asiguswe. Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa gofu wa zamani, huko juu milima inapoanzia, wenye wazungu walichora wakati babu bado hajaota ndevu. Pale kwa shimo la mpira hapakuwa na nyasi laini kama ya leo. Ilikuwa mchanga, umemwagiwa oili chafu ili upepo usiubebe, na Baba anauvuta na gunia mpaka unalala sawa kama kitanda cha askofu. Mashimo tisa, basi. Kilima kikiwa mbele yako, unapiga mpira juu ya kilima. Jiwe likiwa limekaa, unazunguka. Kichuguu cha shimo la pili kilikuwa kirefu kushinda kanisa, hakuna mtu aliwahi kukigusa, na mchwa wake walijua gofu kushinda nusu ya wachezaji. Baba alikuwa anasema, "Udongo ulifika hapa mbele ya gofu. Gofu ndiyo mgeni."

Nyumba yetu ilikuwa pembeni ya shimo la tano, chini ya kilima kidogo, na pale kwa mteremko, kati ya migomba yetu na njia ya mpira, ndiyo alikuwa amelala Bwambale, mdogo wangu. Aliishi wiki mbili tu. Kwetu hatuziki mtoto mbali na nyumba, na juu yake Baba alipanda miti miwili ya mpaka, ile ya majani marefu yenye haifi hata uichinje. Mama alikuwa mtu wa Butembo, ng'ambo ya milima, vita ndiyo ilimleta huku. Kila asubuhi alienda pale na kikombe cha maji, anamwaga, anamwambia Bwambale habari za nyumba, nani amekohoa, kuku gani ametaga. Na Baba akatunga sheria yake: mpira ukiingia katikati ya ile miti, unaokota bure, unasogea hatua mbili, hakuna adhabu, lakini kwanza unasalimia mwenye mahali. Kulikuwa na afande mmoja, tumbo lake lilikuwa linafika shimo la tano wakati yeye mwenyewe bado iko shimo la nne. Hata yeye alivua kofia. "Bwambale, habari ya asubuhi? Naomba mpira yangu, afande." Sisi watoto tunacheka mpaka tunaangukia kwa kahawa.

Mwaka ule simu za kubonyeza zilikuwa zinaanza kuachia za kupapasa nafasi, uwanja ukapata mwenyewe mpya. Akatuma injinia, dada mmoja kijana na kompyuta ya kukunja. Alikuwa na heshima, hapo siwezi kudanganya, hata mimi. Alikaa kwa kiti chetu, akala bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki wa Katunguru, akapangusa vidole, akauliza Baba, "Mzee, kuna kaburi yoyote huku chini? Tukijua, tunachora tukizunguka."

Baba akacheka. "Binti yangu, mimi niko kwa gofu tangu hujazaliwa. Gofu haichimbi kilima. Gofu inazunguka yenyewe."

Hakusema ya Bwambale. Kichwani mwake, ukitaja kaburi watu wataandika, watafukua, watampeleka mtoto kwa makaburi ya manispaa alale na watu hajui. Mama akangoja injinia ainamie kompyuta yake, akamnong'oneza Baba. "Baba Bwambale, umuambie uyu mama. Mutoto wangu iko pale."

"Nimwambie nini? Miti iko pale, kila mtu anaiona."

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mdomo wangu ulikuwa unaweza kumaliza redio betri. Nikafungua mdomo, Baba akaniangalia, nikaufunga. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, na siku ile tulificha watatu.

Sasa, gofu ya kisasa iko hivi. Zamani mtu alitembea na fimbo, anauliza udongo, wewe unataka mpira upite wapi? Siku hizi wanachora kwanza ndani ya kompyuta, halafu udongo unaambiwa ufuate. Katapila tatu zilikuja, kila moja inanguruma kama viboko arobaini wa Kazinga wenye njaa. Kilima chetu kilihama bila hata kuaga, wakakipanga upya shimo la saba, mahali hapakuwahi kuwa na kilima tangu Mungu. Na kwa mteremko wakachimba ziwa. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, mwenyeji akahamishwa.

Ilikuwa siku ya soko. Mimi na Mama tulitoka Bwera na kikapu ya nyanya, tukakuta ile miti miwili juu ya lundo la tope, mizizi inaangalia mbinguni. Mama akaweka kikapu chini polepole, kama nyanya ni mayai. Akaenda kwa dereva. "Papa, udongo ya pale muliipeleka wapi?"

"Mama, udongo gani? Hapa, pale, kila fasi. Tumeshachanganya."

Injinia alikuja anakimbia, akaona miti, akaona Mama, akaelewa. "Mzee, si niliuliza?" Alilia yeye, mgeni. Sisi hapana. Baba alisimama na gunia lake mkononi, akasema, "Haikuzunguka." Mimi nilitafuta machozi kama mtu anatafuta chumvi kwa nyumba ya jirani. Nikakosa. Nikabeba nyanya, nikaenda nyumbani, tukapika.

Mama alipanda tena ile miti karibu na mlango. Ilishika. Lakini kikombe hakupeleka tena. Nilimuuliza siku moja tu. Akasema, "Pale iko miti tu."

Leo uwanja una mashimo kumi na nane, nyasi unaweza kulalia na nguo ya harusi, maji yanajirusha yenyewe, mchanga mweupe umeletwa na lori. Ni mzuri, mtu asikudanganye. Baba anakaa nyumbani, hanuki kitu, mbu wamerudi. Mimi nabeba mifuko ya wachezaji na nachekesha watu, hata wale wamepoteza mipira sita. Wakifika shimo la tano wananiuliza, "Biira, hili ziwa lina kina?" Nawaambia piga kushoto. Hawapigi kushoto. Mpira unaingia, maji yanafunga. Zamani pale ilikuwa bure, unasalimia tu. Sasa ni adhabu, pigo moja. Kusoma sijui, lakini mstari najua. Natoa kalamu, nachora mmoja kwa kadi yao ya mapigo, tunaenda shimo la sita.