Makandi na Ruta ya Jirani

Makandi huchapisha vijitabu vya mazishi pale sokoni Gakoromone, na kwa miaka mingi kila familia yenye msiba ilipitia kwake. Kisha Faiza, jirani yake wa ukuta mmoja ambaye pia huchapisha, akaweka programu mpya kwa ruta yake kuukuu ya intaneti. Sasa mteja anatuma kazi kwa simu akiwa ameketi tu, na printa inaitoa. Kwa Makandi bado ni kuhangaika na waya.

Juzi akina mama wa kanisa lake walimpita mlangoni, wakaingia kwa Faiza.

"Hata nyinyi, watu wa maombi?" akawaita.

"Mama Riungu," mmoja akamjibu Makandi kwa jina la mwanawe, "kwako tungengoja hadi marehemu afufuke!"

Wakacheka. Makandi akajaribu kuomba, lakini printa ya jirani ilinguruma nyuma ya ukuta na kila karatasi ikamchoma moyo. Mwishowe akaificha ruta yake ndani ya leso, akaipeleka kwa jirani.

"Faiza, hii yangu pia inaweza?"

"Inaweza, mama. Ningekuambia mapema, lakini ulikuwa umeninunia."

Faiza akaiwekea programu ile ile, na jioni printa ya Makandi ikachapisha bila waya. Akina mama wakashangaa, wakauliza ni nani amemtengenezea.

"Ni Mungu," akajibu. Jina la Faiza lilikataa kabisa kumtoka mdomoni.